Mtungi wa Bibi na Glasi ya Mate

Kila nilipotoka shule, kabla hata sijatua mkoba vizuri, kazi yangu ilikuwa moja: kufuta mitungi. Ipo kumi na minne nyuma ya nyumba yetu, imejipanga juani, na ndani yake mna mchuzi wa soya, rojo la soya na rojo la pilipili. Nikimaliza kuifuta kwa kitambaa chenye maji, Bibi alifunua ule mdogo kuliko yote, nikachovya ncha ya kidole na kuonja. Kisha akaonja yeye, akafumba macho na kusema, "Haya, umeamka vizuri leo." Alikuwa anausemesha mchuzi, si mimi.

Mtungi huo mdogo ndio wenyewe. Mchuzi wake ulianzishwa na mama mkwe wa Bibi. Kila mwaka unaongezewa mpya kidogo, kwa hiyo wa zamani haujawahi kuisha. Tukitengeneza mchuzi mwingine wowote, lazima tutie upawa mmoja wa huo wa zamani, ndipo unapopata ladha ya nyumba yetu. Kijijini kwetu Seokgyo, mtu asiyejua kama mchuzi wake umeiva humletea Bibi Geumrye aonje, na akishasema, hakuna wa kubisha.

Basi mwaka ule mvua za kiangazi zilipoanza, Bibi alionja mchuzi, akatema.

"Narae, umetia nini humu?"

"Mimi? Sijatia kitu, Bibi."

"Mbona mchungu? Mbona hauna ladha?"

Mimi niliusikia vilevile kama siku zote, lakini nilinyamaza. Jioni ile supu ilikuwa na chumvi hata ulimi ukawasha. Baba, ambaye alikuwa ameinama kwenye mabanda yake ya nyanya tangu alfajiri, alikunywa vijiko vitatu, akanywa maji vikombe viwili, akasema, "Tamu sana, Mama." Nami nikasema, "Tamu sana, Bibi." Tukaendelea hivyo wiki baada ya wiki. Kwetu mtoto hamwambii mkubwa kwamba amekosea chumvi, tena mkubwa mwenyewe awe Bibi Geumrye!

Si chumvi tu. Bibi aliacha kula kimchi, kabichi yetu iliyochachushwa, kwa sababu pilipili ilimuunguza mdomo. Alichoka upesi. Siku moja alipopiga miayo niliona madoa meupe kwenye ulimi wake, yameganda kama maziwa. Nilipouliza, aliziba mdomo kwa kiganja.

Nilijua jambo jingine pia. Bibi ana meno ya bandia, juu na chini, na hakuyavua kamwe, hata akilala. Niligundua siku tulipolala chumba kimoja. "Babu yako alikufa hajaniona kibogoyo," aliniambia, "na wewe hutamwambia mtu. Apa." Nikaapa.

Wakati huohuo, mjini palifunguliwa ukumbi. Wazee wote wa kijiji walikuwa wakienda huko kila asubuhi kwa basi. Waliimbishwa, walichezeshwa, wakarudi na karatasi za chooni na trei za mayai za bure. Mwenye ukumbi aliitwa Meneja Pyo, mwanamume mwenye nywele zinazong'aa, aliyewaita bibi wote "Mama yangu". Usinione mchoyo wa sifa, alijua kuimba. Ila baada ya nyimbo ndipo alipoleta unga wake wa kuuza.

Alhamisi moja Bibi alirudi amekunja uso, ana kopo la unga mkononi.

"Mjukuu wangu, nimeujua ugonjwa wangu. Hamira imeingia kwenye damu. Inaitwa kandida, na imeenea mwili mzima."

"Nani kasema?"

"Meneja Pyo. Amenipima. Unatema mate kwenye glasi ya maji asubuhi, kabla ya kula. Mate yakishusha nyuzi kama miguu, basi una hamira kwenye damu. Yangu yalishusha miguu kama ya ngisi!" Kisha akanivuta hadi kwenye mitungi, akafunua mmoja. Juu ya mchuzi palikuwa na utando mweupe mwembamba, ule unaotokea kila msimu wa mvua. "Tazama. Mweupe. Na mdomoni mwangu, mweupe. Ni kitu kilekile. Miaka yote hii naonja, naonja, kumbe najilisha ugonjwa."

"Bibi!"

"Meneja amesema chochote kilichochachushwa kitoke nyumbani. Jumamosi asubuhi nitaimwaga yote. Nitaanza na ule mdogo, maana ndio mama yao."

Nilikimbilia kwenye mabanda ya nyanya. Baba alinisikiliza, akakuna kichwa. "Mitungi ni ya mama yangu, Narae. Mimi nitamwambia nini?" Nilimkasirikia, kisha nikamuonea huruma.

Nililala nikiwaza, nikaamka na wazo. Kama ile glasi inasema kweli, basi mate ya mtu mzima wa afya hayatashusha nyuzi. Nitampima kila mtu, Bibi aone mwenyewe. Ijumaa hatukuwa na shule, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mwenyekiti Bong, ambaye ana kipaza sauti cha kijiji na hulima shamba peke yake ingawa ana miaka sabini na mbili. Nilimweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akawasha kipaza.

"Halo, halo! Wananchi wa Seokgyo, habari za asubuhi. Narae, mjukuu wa Bibi Geumrye, anaomba mate yenu. Narudia, mate yenu. Msinywe chai kwanza. Nendeni kwao na glasi."

Wakaja! Tukawa watu kumi na tisa, pamoja na Mwenyekiti mwenyewe na mimi. Tulizipanga glasi juu ya meza uani kwetu, Bibi akitazama, tukasubiri. Baada ya robo saa nyuzi zikaanza kushuka. Kwenye glasi ya Mwenyekiti zilishuka. Kwenye yangu zilishuka. Kwenye zote zilishuka.

"Unaona, Bibi?" nikaruka. "Kila mtu! Mate ndivyo yalivyo!"

Bibi alizitazama glasi moja baada ya nyingine, akashika kifua.

"Maskini weee," alisema. "Kijiji kizima tunaumwa."

Bibi wengine wakashtuka. "Tobaa! Hata Mwenyekiti?" "Ndiyo maana goti langu linauma!" "Basi la mjini linapita saa ngapi?" Kufumba na kufumbua, wote walikuwa kituoni kwenda kununua unga. Nilibaki na glasi kumi na tisa za mate, na Mwenyekiti Bong akipapasa shavu lake kwa wasiwasi.

Hapo ndipo nilipolia. Nilibakiwa na kitu kimoja tu, nacho nilikuwa nimeapa kutokisema.

Nilikaa kando ya mtungi mdogo muda mrefu. Niliwaza, nikisema siri ya Bibi, hataniamini tena. Nisiposema, kesho mchuzi wa mama mkwe wake utakuwa kwenye mfereji, na madoa yatabaki palepale ulimini. Nikainuka, nikaenda zahanati.

Daktari Tak wa zahanati yetu ni kijana. Ameletwa kwetu kutumikia taifa badala ya kwenda jeshini. Wazee hawamwamini kwa sababu hana hata mvi moja. Nilimwambia yote: madoa, pilipili, chumvi, glasi, mwisho meno. Nilipofika kwenye meno alinyanyua kichwa.

"Hayavui hata usiku? Tangu lini?"

"Tangu zamani, Daktari. Niliapa nisiseme."

"Umefanya vizuri kusema. Lakini siwezi kutibu mdomo nisiouona. Mlete."

Kumleta! Jioni nilipiga magoti mbele ya Bibi. "Bibi, nimevunja ahadi. Nimemwambia daktari habari za meno yako."

Hakunipiga wala hakunifokea. Aligeukia ukuta, na hiyo iliniuma kuliko fimbo.

Jumamosi asubuhi nilimsikia akitoka na upawa. Nilitoka mbio na nguo za kulalia, nikaukumbatia mtungi mdogo kwa mikono na miguu.

"Toka hapo, Narae."

"Sitoki! Twende zahanati kwanza. Daktari akisema mtungi ndio uliokuletea ugonjwa, nitaumwaga mimi mwenyewe, tone la mwisho. Bibi, ninaogopa. Mchuzi naupenda, lakini ninaogopa zaidi wewe usije ukazidi kuumwa."

Bibi alisimama na upawa wake. Mvua ilikuwa imeanza kunyunyiza. "Mtoto ana kichwa kigumu huyu," alisema. "Sijui kachukua wapi." Baba, aliyekuwa akichungulia mlangoni, alijibu, "Kwako, Mama," kisha akaenda haraka kuwasha gari kabla Bibi hajabadili nia.

Bibi alikwenda zahanati na trei ya mayai mapajani, kwa sababu kwake mtu haendi kwa mwenzake mikono mitupu. Alipotakiwa kuvua meno aliniangalia, akamwangalia daktari, akaufunika mdomo kwa leso na kuyavua. Daktari Tak hakucheka wala hakushangaa. Alimulika kwa tochi, akakwangua kidogo utando mweupe kwa kijiti, akamchoma kidole kupima sukari kwenye damu. Sukari haikuwa na neno.

"Bibi, Meneja amekosea karibu yote, ila jina amelipatia. Hii ni kandida kweli, fangasi wa jamii ya hamira. Iko mdomoni na tumboni kwa watu wengi wazima, imekaa kimya, haisumbui mtu. Lakini meno ya bandia yasipovuliwa, chini yake panakuwa na joto na unyevu, nayo inapata nyumba. Inazaliana, inaleta madoa, inaunguza, inakuharibia ladha. Iko mdomoni tu. Haijaenda kwenye damu."

"Umejuaje, mwanangu? Na mate yangu yenye miguu?"

"Mate ni mazito, yana utelezi. Ukiyatia kwenye maji yanashuka hivyo hivyo. Yangu pia." Alivuta kiti karibu. "Kandida ya kwenye damu ipo, Bibi, wala si ya mchezo. Nilipokuwa hospitali kubwa niliiona. Inawapata wagonjwa mahututi, waliolazwa muda mrefu na mipira kwenye mishipa yao, au ambao kinga yao imeshushwa na dawa za saratani. Homa haishuki, na antibiotiki haifui dafu. Damu inapelekwa maabara, mgonjwa anatundikiwa dawa kali, na wengine hatuwaokoi. Mtu wa namna hiyo hachezi ngoma ukumbini asubuhi, wala haji hapa na trei ya mayai."

Bibi akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile, akasahau leso. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na ule utando wa kwenye mitungi?"

"Nao ni hamira, lakini si hii. Nyanya na viazi ni ukoo mmoja, Bibi, ila ukipanda nyanya huvuni viazi. Uengue kama ulivyouengua siku zote."

Nilimkumbatia Bibi. Daktari alimpa dawa ya maji ya kusukutua kwa wiki mbili na kumwambia asiguse ule unga, maana hakuna aliyejua una nini. "Na meno yavuliwe kila usiku," alisema, "yasuguliwe kwa brashi, yalale kwenye maji safi."

Jumatatu Bibi alipanda basi la mjini na glasi yake mfukoni. Sikuwepo, lakini Mwenyekiti Bong amesimulia mara nyingi hata naona nilikuwepo. Walipomaliza kuimba, Bibi alinyoosha mkono: "Meneja, mwanangu, na wewe tema tukuone." Meneja Pyo akajichekesha, akakataa. Bibi wote wakapiga makofi, "Tema! Tema!" Akatema. Miguu ikashuka. "Maskini mwanangu," Bibi akasema, "kunywa unga wako upone." Kesho yake ukumbi ulikuwa umefungwa, na Meneja hajulikani kaelekea wapi.

Wiki mbili zilipotimia, nilifuta mitungi, Bibi akaja akafunua ule mdogo. Alichovya kidole, akaonja, akafumba macho. Alikaa hivyo hata nikaogopa. Machozi yakamtoka.

"Ndio wenyewe," alisema. "Haukwenda popote. Mimi ndiye niliyeondoka."

Usiku huo alipika supu kwa kipimo alichozoea wiki zile. Alitia kijiko mdomoni, akaruka.

"Nani ameimwaga bahari humu?"

Baba akatazama wali wake. Mimi nikatazama Baba.

"Mmekula hivi muda wote?"

"Tangu mvua zianze, Mama," Baba alisema.

"Na mkaniambia tamu sana!"

Bibi aliweka kijiko chini. "Basi sikilizeni. Nyinyi mlinificha chumvi kwa heshima, mimi nikaficha meno kwa aibu. Katikati hapo Meneja Pyo akapata pa kupita na glasi yake. Mwili ukiuma, mtu aseme, tena amwambie anayejua kutibu. Narae alivunja kiapo, na kiapo chenyewe nilimwapisha vibaya. Mtoto hafungwi mdomo kwa jambo linaloumiza mtu. Umesikia, mjukuu wangu?"

"Nimesikia, Bibi."

"Sasa niambie ukweli. Hii supu?"

Nilivuta pumzi. "Haifai, Bibi. Hata ng'ombe angeikimbia."

Baba alipaliwa. Bibi alicheka mpaka meno yakacheza, akayavua hapohapo mezani mbele yetu na kuendelea kucheka bila hayo, mdomo wazi, wekundu mtupu, bila doa hata moja. Kisha akaniambia nilete ile glasi aliyotemea Meneja, niioshe vizuri na kuijaza maji safi. Tangu siku hiyo inakaa dirishani kando ya miswaki yetu, na kila usiku meno ya Bibi hulala humo.