Nilimwambia Mdogo Wangu Tusizikane

Nina miaka sabini na moja, sijipunguzii hata mmoja. Nimezaa sita, nina wajukuu kumi na tisa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala njaa chini ya paa langu. Shule sikwenda. Kusoma na kuandika nilijifunzia ngumbaru, nikiwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo mkiona mwandiko umepinda mnisamehe. Maneno yenyewe yamenyooka.

Naandika kwa sababu ya mjukuu wangu Rehema. Anasoma sekondari, anakaa kwangu. Wiki mbili zilizopita alirudi na swali la mdahalo: maisha yangekuwa bora bila hasira au bila hofu? Yeye kapangiwa upande wa kupinga hasira. Akaniuliza, "Bibi, wewe umeishi sana. Ungechagua kipi kiondoke?"

Nilikuwa napepeta mchele. Nikamwambia atoke anipishe. Hakuelewa kwa nini, na sikumwambia. Nawaambia nyinyi, wasomaji, kwa kuwa hamnijui.

Mimi ni mtu wa Mafia, upande wa kusini, kijiji kilichomo ndani ya mipaka ya hifadhi ya bahari. Mama yetu alifariki mdogo wangu Tatu akiwa na miaka saba. Mimi nilikuwa nimeshaolewa. Nikamchukua. Nilimlea, nikamsuka, nikamfunda, nikamwozesha. Alipopata mume alijenga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Chumvi ikiniishia nilikuwa napaza sauti tu, anakuja nayo.

Mume wangu anaitwa Shomari. Mvuvi, mpole, mtu wa maneno machache. Maneno ya nyumba nzima nilikuwa nayo mimi.

Miaka ile hifadhi ilipoanza kukaza, juya likapigwa marufuku. Juya ni ule wavu wa macho madogo unaokokotwa, unazoa samaki na watoto wa samaki pamoja. Wavuvi wakaambiwa wasalimishe, wapewe nyavu zinazoruhusiwa. Wengi walikwenda. Mimi nikaona ni udhaifu. Baba zetu walivua hapa, leo mtu anakuja na karatasi kukupangia tundu la wavu?

Siku moja wanaume walikuwa wamekaa barazani kwa jirani, wanazungumza nani kasalimisha na nani bado. Nikapita na ndoo yangu ya maji kichwani. Nikasimama.

"Nyavu mmeshasalimisha," nikawaambia. "Suruali mnasalimisha lini?"

Wakacheka, lakini kicheko cha kuumia. Mmoja akasema, "Shomari, mkeo huyu ungempeleka yeye baharini."

Shomari alikuwepo. Hakucheka. Alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Nilimwona, nikaona fahari... nikadhani anajivunia mke.

Juya lake tulilificha jikoni, juu kwenye uchaga, pale ninapokaushia nazi. Tulilikunja ndani ya jamvi bovu, tukalipangia nazi juu. Mishipi yake na kapu lake la ndoana vilikuwa hapohapo. Waliojua ni watu watatu: mimi, Shomari, na Tatu, aliyenisaidia kupanga nazi.

Haukupita mwezi. Asubuhi moja wakaja askari wawili wa hifadhi pamoja na mtu wa kamati ya kijiji. Walikuwa na adabu, siwezi kuwasingizia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Tunaomba kuingia jikoni, mama. Na kama una ngazi, tunaomba ngazi."

Hawakugusa chumba, hawakugusa mvungu wa kitanda. Moja kwa moja uchagani, upande wa kushoto, chini ya nazi. Wakalishusha. Likachomwa moto uwanjani, watu wakitazama, na moshi wake ukaingia mpaka kwenye nguo zangu nilizoanika. Shomari walimwonya tu wakamwachia. Nikasema Mungu mkubwa.

Mume wa Tatu alikuwa mjumbe wa ile kamati. Basi, mimi nilihitaji ushahidi gani tena?

Maji yalikuwa yametoka, wanawake wako shambani kwa mwani. Nikashuka mpaka kule, nguo zimelowa mapajani. Tatu alikuwa ameinama anafunga mwani kwenye kamba, na vipande vya kufungia kavishika kwa meno. Nikasimama mbele yake.

"Tatu, umeniuza."

Akavitoa vile vipande mdomoni. "Nimekuuza nini, dada?"

"Juya la mume wangu. Nani mwingine alijua lilipo?"

"Dada, mimi nimekula mkononi mwako tangu mama alipotutoka. Leo nikuuze kwa ajili ya wavu?"

"Umemwambia mumeo kitandani, naye akapeleka."

"Sikumwambia. Wallahi sikumwambia."

Angenitukana ningepoa. Lakini aliongea taratibu, na ule utaratibu ndio ulionipandisha. Nikalitoa neno mbele ya wanawake wote.

"Kuanzia leo tusizikane. Nikifa usinioshe. Ukifa sikuoshi."

Kwa wasiokuwa wa pwani niwaeleze. Kwetu mtu aweza kugombana na ndugu yake, wasisalimiane, wasiazimane hata kijiti cha moto. Lakini msiba ukitokea, unakwenda. Mlango wa msiba haufungwi. Anayesema tusizikane ameufunga na huo.

Mama mmoja akaniambia, "Mwenzetu, astaghfiru Mungu. Lirudishe neno hilo."

Nikamjibu, "Langu likitoka halina njia ya kurudi."

 Tatu aliinama akaendelea kufunga mwani, na mafundo yake yalikuwa yanafunguka, anafunga yanafunguka.

Kabla ya mwaka kuisha akahama na mumewe kwenda kwao mume, Bweni, ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa. Wakalima minazi na mikorosho. Kila msimu akawa ananitumia kikapu cha korosho kwa mtu anayekuja huku. Kila msimu nikakirudisha vilevile na kamba yake. Miaka kumi na moja. Nimeozesha mabinti wawili bila yeye kutia mguu. Yeye kamwozesha Asha, mwanawe wa pekee, na mimi siku hiyo nikaenda kupara samaki kama siku yoyote.

Kikapu kikifika, Shomari alikuwa anatoka nje. Mara moja alithubutu kusema, "Mama Zuhura, mengine tuyaache yapite."

"Wewe unamtetea aliyekuchomea wavu? Una moyo wa mwanamume kweli?"

 Akachukua kofia yake akaenda msikitini kabla ya adhana.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa masika. Saa moja asubuhi nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Binti yangu Zuhura akaingia na simu mkononi, uso umebadilika. "Mama... mama mdogo Tatu hatunaye. Kafariki alfajiri. Wanazika baada ya adhuhuri."

Niliendelea kukuna. Nilikuna mpaka nyama ya nazi ikaisha, nikakuna kifuu, ungauunga mweusi ukaanguka kwenye nazi ya tui la watoto. Zuhura akasema watu wa kijiji wamepata gari, linaondoka saa tatu pale msikitini. Akavaa baibui. Akanitazama.

"Nendeni," nikamwambia. "Mimi nilishasema langu."

Zuhura akatoka analia. Hapo ndipo Shomari aliponijia. Alisimama mlangoni pa jiko, hakuingia.

"Vaa uende ukamzike mdogo wako," akasema. "Si yeye aliyesema. Ni mimi."

"Ni wewe uliyefanya nini?"

"Mimi ndiye niliyewaita. Nilikwenda kwa askari wa hifadhi kwa miguu yangu nikawaelekeza lilipo. Niliogopa jela. Niliogopa kila nikisikia boti inanguruma. Nikataka kulisalimisha kama wenzangu, lakini ungeniita mwanamke mbele za watu. Nikawaomba waje walikute, ionekane wamelikamata."

"Na miaka yote hii?"

"Nilikuogopa."

Wasomaji wangu, ningekuwa mtu mwenye akili ningenyanyuka palepale na mikono yangu ya nazi nikimbilie gari. Muda ulikuwepo! Saa nzima na zaidi. Lakini mimi nilifanya nini? Nilikasirika. Nilimrushia kifuu kikampata begani. Nilitoa nguo zake nikazitupa uani kwenye tope, shati moja moja, na msala wake. Nilimtaka anirudie kila neno: ulikwenda siku gani, ulimwambia nani, ulivaa nini. Alikuwa ananijibu kama mwanafunzi. Kadiri alivyonijibu ndivyo nilivyozidi kuwaka.

Gari likapiga honi. Zuhura akaja mbio. "Mama, unakuja?"

"Nisubirini, sijamaliza na huyu."

Likapiga tena. Msiba haungoji mtu amalize ugomvi wake. Nilipotoka na baibui nimelivaa nusu, pale msikitini palikuwa na alama za matairi tu.

Nikatafuta pikipiki, nikampata kijana wa kunipeleka saa nne. Mvua ikatukuta kabla ya Kirongwe. Tulipopita pale njia ikawa uji, pikipiki inazama, tunashuka tunasukuma. Mwisho ikakataa kabisa. Nikatembea. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, nimeinua baibui mpaka magotini, nafanya safari ambayo kwa miaka kumi na moja nilisema sitaifanya hata nikibebwa.

Nilifika wanaume wanarudi kutoka makaburini. Mchanga ulikuwa bado umewaganda miguuni.

Ndani wanawake wakanipisha njia. Asha alikuwa amekaa karibu na pale alipooshewa mama yake. Shimo la maji ya maiti walikuwa wamekwisha kulifukia, udongo bado mbichi. Nikampa mkono wa pole. Akaupokea, maana amelelewa vizuri.

"Mama mkubwa," akaniambia, "mama aliacha wasia. Kichwa chake asioshe mtu ila wewe. Mwili tuliuosha, kichwa tukakuachia. Tulikungoja mpaka wakatuambia basi, haifai. Nikamwosha mimi."

Nikamwambia ukweli nimeujua leo asubuhi. Nikamwambia ni Shomari. Asha akanijibu.

"Mama alijua. Baba mkubwa alikuja huku mwaka wa pili, akalia hapa barazani. Alitaka kwenda kukwambia. Mama ndiye aliyemkataza."

"Alimkataza kwa nini?"

"Alisema dada akijua atamfukuza mumewe, na akimfukuza atabaki peke yake. Alisema hasira ya dada naijua tangu mdogo, inawaka halafu inazima. Tumngoje."

Alinijua mtoto yule. Alikosea hapo tu, kwenye kuzima.

Basi, Rehema, na nyinyi wasomaji, jibu langu hili hapa. Iondoke hofu. Hasira ilifanya mabaya, lakini ilikuwa inapiga kelele, kila mtu aliisikia, hata yule mama wa kwenye mwani aliisikia akanionya. Hofu ilikaa nyumbani kwangu miaka kumi na moja inakula wali wangu, na sikuiona kwenye sinia. Nilipomwambia Rehema hivyo akajibu, "Lakini Bibi, babu aliogopa kwa sababu ya hasira yako." Ana kichwa huyu mtoto. Nikamwambia akateke maji.

Tena kuna jambo sijamwambia mtu, hata Zuhura. Jana yake kabla askari hawajaja, alasiri, nilimwona Shomari amepanda ngazi anashusha mishipi yake na kapu lake la ndoana kutoka uchagani. Akavipeleka chumbani. Mtu asiyejua kama kuna wageni wanakuja, anahamisha vitu vyake vya nini?

Niliona. Sikuuliza. Na kila mwaka kikapu cha korosho kilipofika, ile ngazi ilinijia machoni, nikakirudisha kikapu haraka ili isinijie zaidi. Nani angekuwa tayari kujua kwamba mwoga ni mumewe, yeye aliyewacheka waume wa wenzake? Kumchukia Tatu kulikuwa rahisi. Alikuwa mbali, na alikuwa hanijibu.

Shomari bado niko naye. Nguo zake nilizifua zile za kwenye tope, nikazianika. Simgombezi tena. Siku hizi nikinyamaza ndiyo anaogopa zaidi, anainuka sinia bado ina wali. Kama kuna adhabu inayoizidi hiyo, siijui. Yangu naijua.

Nawaomba. Kama yupo uliyemwambia tusizikane, usingoje kujua nani mwenye makosa. Nyanyuka sasa hivi, hata mikono ina unga. Kosa mtalitafuta mkiwa hai wote wawili, mkitaka mtukanane wiki nzima.

Mimi neno langu lilitimia pande zote mbili. Sikumzika, na yeye hatanizika. Nimemtumia Asha ujumbe kwamba siku yangu ikifika, kichwa changu nakiacha mikononi mwake, kama atakubali.

Ni mwezi wa nne sasa tangu niutume. Hajajibu.