Ruhusa ya Mwenye Nyumba

Mwaka uliotangulia mvua za El Niño, Joab alinunua nyumba yenye magurudumu. Lilikuwa gari kubwa jeupe la Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao moja kwa moja, na ndani yake mlikuwa na vitanda, jiko la gesi, sinki, meza ya kukunja na mapazia ya maua. Wenzake bandarini walimcheka hadi machozi. Kiwanja hana, walisema, na nyumba kanunua ya kukimbizana nayo barabarani.

Joab hakujali. Alikuwa fundi wa kreni, mtu wa bara aliyeumaliza ujana wake katika chumba cha kupanga, na kazini aliomba ruhusa hata ya kwenda haja. "Humu," alimwambia mkewe Priscah akilipiga bodi kwa kiganja, "simwombi mtu ruhusa." Priscah alicheka. Alimpenda zaidi siku ile kuliko siku ya harusi, na hilo alilisema mwenyewe baadaye.

Shule zilipofunga Agosti, wakapanga safari: waanze na barabara ya bahari pale Kizingo, wapite Mji wa Kale, wavuke daraja la Nyali, kisha waifuate pwani polepole hadi Malindi, wakilala popote patakapowapendeza. Binti yao Stacy, mwenye miaka saba, alibeba wanasesere wote aliokuwa nao. Mtu angedhani wanahama.

Walisimama Kizingo adhuhuri, kando ya ukuta wa bahari, ili wale kabla ya kutoka kisiwani. Upepo ulikuwa mwanana na maji yaling'aa hadi macho yakauma. Priscah aliacha mlango wazi, akapakua wali na samaki wa kupaka, wakakaa mezani wote watatu. Joab alikuwa akimwonyesha mtoto meli iliyokuwa ikiingia mlangoni mwa bandari.

Kivuli kikapita mlangoni.

Priscah alizaliwa Kaloleni na kulelewa Makadara kwa shangazi yake. Huko kote alifunzwa kwamba huli mlango ukiwa wazi, mtu akapita, nawe ukanyamaza. Unasema karibu. Naye mpita njia, kama ana adabu zake, hujibu bismillahi, akaenda zake. Ni neno la ulimi tu, hakuna anayeongeza mchele chunguni kwa ajili yake.

"Karibu," alisema Priscah bila kuinua macho.

"Nimekaribia," sauti ikajibu.

Aliyeingia alikuwa mama wa makamo, amejitanda buibui lililochujuka, uso wake mpole. Alivua viatu mlangoni, akapanda, akakaa kitako penye nafasi iliyobaki. Priscah aliona haya kidogo, akaongeza sahani. Joab ndiye aliyeacha kutafuna. Kila mtu alipopanda gari lile, hata Stacy, springi zililalamika na sakafu ikainama kidogo. Mama huyu alipopanda, gari halikutikisika.

"Nyumba njema hii," mgeni alisema, akiyapapasa mapazia. "Muko watatu tu?"

"Watatu tu, mama," Priscah alijibu. "Karibu wali."

Mgeni hakuugusa wali. Alitazama jiko, akatazama vitanda, akaviangalia vikombe kimoja kimoja. Hakuwa na haraka hata kidogo. Walipomaliza kula, Joab alijikohoza, akasema kwa heshima kwamba sasa wao wana safari.

"Twendeni," mgeni alisema.

Basi Joab akaona njia rahisi ni kumshusha mbele, huko Makadara, penye watu. Akawasha injini. Wakaipita ngome ya Mji wa Kale, wakapita mbele ya maduka, wakawaona watu wakinunua maembe na wapiga debe wakigombana. Joab akapunguza mwendo, akakata kona atafute pa kusimama.

Bahari ikawa mbele yao. Ukuta uleule. Meli ileile mlangoni mwa bandari, haijasogea.

"Nimekosea kona," alisema Joab. Mtu aliyeendesha katika mji ule miaka kumi na tano.

Akaliendea daraja la Nyali. Akauona mteremko wake kabisa, na magari yakipanda. Akakanyaga mafuta. Wakatokea Kizingo, ukutani. Akajaribu njia ya bara, kupitia Makupa. Wakatokea Kizingo. Akajaribu kushuka Liwatoni, mahali alipowajua wavuvi kwa majina. Alisikia harufu ya samaki, akafungua kioo amwite mtu mmoja, na upepo ulioingia ulikuwa wa Kizingo. Jua lilikuwa utosini vilevile.

Priscah aliingiwa na hofu. Alikwenda mlangoni. Kitasa kilizunguka vizuri, lakini mlango haukuachia. Aliegemeza bega. Aliupiga teke. Nje, muuza mihogo alikuwa akipanga vipande vyake juu ya makaa, karibu kabisa.

"Baba, tusaidie! Tufungulie!" Priscah aliita dirishani.

Mwanamume yule aliinua uso. Alitabasamu, akaweka mkono kifuani, namna mtu anavyofanya anapokaribishwa chakula.

"Bismillahi, mama," alisema. "Mimi nishakula."

Akarudia mihogo yake.

Nyuma ya Priscah, vyombo vilikuwa vikigongana. Aligeuka. Mgeni alikuwa amesimama jikoni. Alikwisha kuosha sahani na kuzipanga kwenye kabati, lakini si mahali Priscah alipozoea kuziweka. Alikwisha kufunga mapazia ya upande mmoja. Sasa alikuwa akimimina chai, na kikombe cha kwanza alimpa Stacy.

"Karibu, mwanangu," alimwambia.

"Ahsante, bibi," Stacy alisema, akakipokea.

Ndipo Priscah alipoelewa. Anayekaribisha ndiye mwenye nyumba. Anayepokea ni mgeni. Na mgeni aliyefunzwa adabu hainuki tu akaondoka. Huomba ruhusa.

Alimpokonya mtoto kikombe kabla hakijafika mdomoni. Akamsogelea Joab pale kwenye usukani, akamnong'oneza.

"Tumwombe ruhusa."

"Nani?"

"Huyu. Tumwombe ruhusa twende zetu. Mwachie gari, Joab."

Joab alimtazama. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, na mikono haikutoka kwenye usukani. "Hili gari ni langu," alisema.

"Najua."

"Nimeomba ruhusa maisha yangu yote, Priscah. Humu siombi."

Hakukuwa na nafasi ya kubishana. Mgeni alikuwa akivuta pazia la upande wa pili, na ndani mlianza kuwa giza. Priscah alimshika Stacy mkono, akasimama mbele ya yule mama, akainamisha kichwa.

"Mama," alisema, "tumeshiba. Tunaomba ruhusa twende."

"Mapema hivi?" Mgeni alionekana kusikitika kweli. "Haya. Ruhusa, wanangu."

Mlango ukafunguka wenyewe. Joto na harufu ya mihogo vikaingia.

"Na mume wangu."

"Yeye ana kinywa chake."

"Joab," Priscah alisema. Sasa alikuwa akilia waziwazi. "Neno moja tu. Nakuomba."

"Shuka na mtoto," Joab alisema bila kugeuka. "Namtoa huyu, nawafuata."

Wakashuka. Mama yule aliwasindikiza hadi kizingitini, kama inavyotakiwa, akaufunga mlango taratibu. Gari likaondoka kwa mwendo wa matembezi, likafuata barabara ya bahari, likapinda penye mnara wa taa. Priscah alikimbia. Alipofika kwenye kona, barabara ilikuwa nyeupe na tupu hadi mwisho.

Gari lile halikuonekana tena. Halikuvuka daraja wala halikupanda feri, na gari la ukubwa ule halifichiki kisiwani. Polisi waliuliza mengi, kisha wakachoka. Watu wa bandarini walisema Joab ana mwanamke Malindi, maana watu hawakosi la kusema.

Priscah na Stacy walihamia Makadara, kwa dada yake Mirriam. Mtoto alirudi shule, akacheza, akanenepa. Jambo moja tu lilibaki kwake. Kila alipotaka kutoka chumbani alisimama kidogo mlangoni, akasema polepole, "Naomba ruhusa." Akasubiri. Kisha akatoka. Priscah alidhani ni mshtuko utakaopungua. Mirriam alisema ni adabu tu, na waachane na mtoto.

Siku moja, mnamo Februari, Mirriam alirudi kutoka sokoni adhuhuri akakuta viatu vya Stacy vya shule bado viko nje. Ilikuwa siku ya masomo. Alibisha hodi chumbani mwao, hakujibiwa. Akausukuma mlango kwa kidole, nao ukafunguka bila taabu yoyote.

Priscah na Stacy walikuwa wamekaa mezani. Mtoto alikuwa na sare yake, mkoba ungali mgongoni. Priscah alikuwa amemziba mdomo kwa kiganja asile, kwa nguvu hadi alama za vidole zilibaki shavuni, na mwenyewe alikuwa amekaza meno. Mbele yao kulikuwa na sahani tatu za wali na samaki, na jikoni kwa Mirriam hakukuwashwa moto tangu alfajiri. Mbili hazikuguswa. Ya tatu ilikuwa imeliwa nusu, mvuke ukitoka.

"Mumekaa hapa tangu lini?" Mirriam aliuliza. "Mbona hamutoki?"

Priscah alitikisa kichwa, akimkataza asiseme zaidi. Mkono wake ulipolegea, Stacy alimtazama Mirriam, akanong'ona, asije akamkatiza mtu.

"Bado hatujapewa ruhusa. Baba hajamaliza kula."