Bahasha Haikuwa ya Mbegu

Verna Yurkonis hakutupa kitu. Mkebe wa kahawa ukiisha, ulikuwa chungu cha maua. Bahasha safi ikiingia nyumbani, hata ya tangazo la meno ya bandia, iliwekwa kwenye droo ya jikoni ikingoja mbegu. Wanawake wote wa Breaker Hill, mtaa wao wa kilimani, walifanya hivyo. Walikuwa mabinti wa wachimba makaa, na binti wa mchimba makaa hujifunza mapema kwamba akiba haiozi.

Kila Oktoba, kabla baridi haijaua bustani, Verna alikamua nyanya za mwisho na kukausha mbegu juu ya gazeti. Zilikuwa nyanya za mama mkwe wake, aliyevusha mbegu zake bahari kutoka Lithuania zikiwa zimeshonwa kwenye pindo la sketi. Mwaka ule alizikausha huku akilia. Len, mumewe, hangezila tena. Daktari alikwisha sema. Vumbi la makaa lilikuwa limeyakaba mapafu yake, na mzee aliyewahi kubeba magogo ya mgodini sasa alichoka kwa kuvaa soksi.

Siku ile Len alikuwa ameketi mezani, mpira wa oksijeni puani. Posta ilikuwa imeleta karatasi yake ya kura. Tangu atoke jeshini hakuwahi kukosa uchaguzi hata mmoja.

"Nisomee kuanzia chini," alisema.

"Watu wote huanza na rais, bwana wee."

"Rais ana wenyewe. Mgodi ulipotuangukia, alikuja rais? Alikuja mkaguzi wa jimbo na tochi yake. Anza chini."

Verna alisoma. Mweka hazina wa jimbo, mkaguzi mkuu wa hesabu, mwanasheria mkuu, akapanda hadi seneta na rais wa nchi. Len alijaza viduara kimoja kimoja. Verna akaikunja karatasi, akaitia katika bahasha kubwa. Len akaweka sahihi na tarehe, ikaenda posta siku hiyo hiyo.

Mezani ilibaki bahasha ndogo ya manjano. Ilikuwa safi na imara, na gundi yake haijaguswa. Kulikuwa na karatasi ya maelekezo pia, yenye maandishi madogo kama chawa. Hakuna aliyevaa miwani kuyasoma. Verna aliona amepata zawadi. Aliigeuza bahasha upande usio na maandishi, akaandika: NYANYA ZA MAMA.

Ijumaa kabla ya uchaguzi simu ililia, ofisi ya uchaguzi. Len aliipokea mwenyewe.

"Ndiyo, mimi ndiye... Nyembamba? Mashine imeona nini? Haimo? Basi itupeni! Mmezoea kutupa!"

Akaibamiza simu. Alikohoa mpaka midomo ikawa ya buluu. Alipopata pumzi alisema, "Kura yangu haihesabiwi. Eti ilitakiwa bahasha ndani ya bahasha, nayo mashine imeipima yangu ikaona nyembamba, ya ndani haimo. Mimi sikuona bahasha nyingine. Wewe uliiona?"

"Hapana," alisema Verna.

Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria. Katika miaka hamsini na miwili ya ndoa alikuwa amemdanganya mara chache, na zote zilikuwa juu ya bei ya viatu.

Jumamosi Len hakula. Jumapili pia hakula. Aliutazama mtaa, nyumba tupu hapa na tupu pale.

"Shule wamefunga," alisema. "Hospitali wamefunga. Kanisa wanatafuta mnunuzi. Kura ndiyo ilikuwa kitu cha mwisho walichokuwa wakiniomba, Verna. Nacho nimekirudisha vibaya. Sasa sina ninachodaiwa na mtu. Nife tu."

Verna aliinuka. Aliosha vyombo ambavyo vilikwisha oshwa.

Jioni ile jirani yao, Dolores Marchetti, alileta bakuli la pirogi, vifuko vya unga vilivyojazwa viazi. Dolores alikuwa msimamizi wa kituo cha kura kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa na sauti kubwa, na kila jiko la mtaa ule aliliona lake. Alivuta droo kutafuta uma. Mkono ulitoka na kitu kingine.

"Verna," alinong'ona. "Hii ni nini?"

Alikuwa ameshika bahasha ya manjano. Mbegu zilicheza ndani.

Verna alikaa chini. Alieleza yote kwa kunong'ona, Len akiwa chumbani, hata ule uongo.

"Sasa sikiliza," alisema Dolores. "Bahasha kubwa ina jina la mpiga kura na sahihi yake. Ya manjano haina jina. Ofisini wanafungua kubwa, wanatoa za manjano, wanazichanganya zote. Halafu ndipo wanazifungua. Kwa hiyo hakuna anayejua kura ipi ni ya nani. Karatasi ikija uchi, siri imevuja. Sheria inasema haihesabiwi."

"Basi nimemzika kabla hajafa."

"Hujamzika mtu. Yule wa ofisini alisema nini baada ya hapo?"

"Len hakumngoja. Alikata simu."

"Huyo ndiye Len!" Dolores alipiga goti lake. "Angengoja kidogo, angeambiwa. Jumanne, siku ya uchaguzi, aje kituoni mwenyewe. Tutampa kura ya muda."

"Ya muda vipi?"

"Anapiga kura kama kawaida, lakini tunaiweka kando. Ofisi ikithibitisha kwamba ile ya posta haikuhesabiwa, inahesabu hii. Ila ana sahihi mbili. Moja kabla ya kupiga, moja kwenye bahasha baada ya kupiga. Akisahau moja, imekwenda na maji."

"Mtungi wake wa oksijeni unadumu saa mbili tu, Dolores."

"Njooni saa nne asubuhi, wanaowahi kazini wakishapita. Na umwambie ukweli, mama. Asiusikie kwangu, maana mimi mdomo wangu unaujua."

Jumanne kulikuwa na mvua ya barafu. Kituo kilikuwa katika jengo la zimamoto chini ya kilima. Verna aliegesha gari mlangoni, lakini hakulizima.

"Len. Bahasha niliichukua mimi. Niliitia mbegu. Ulipouliza nikakudanganya."

Len alitazama kioo kinavyotiririka maji. Mtungi ulipumua kati yao.

"Mbegu zipi?"

"Nyanya za mama yako."

"Zimekauka vizuri?"

"Zimekauka."

"Basi angalau hazikupata ukungu." Alimpa mkono. "Nishushe, mwizi wewe."

Wazimamoto wawili walimbeba ndani juu ya kiti cha jikoni, mtungi mapajani. Dolores alimsimamia bila mzaha.

"Sahihi ya kwanza hapa, mzee. Sasa piga kura yako. Umemaliza? Itie bahasha ndogo. Funga. Sasa ndogo iingie kubwa. Bado! Usiinuke. Sahihi ya pili."

Len alianza chini, akapanda juu. Ilimchukua dakika arobaini. Dolores alimpa kijikaratasi chenye namba, ili baadaye apige simu kuuliza kama kura imehesabiwa.

Wagombea wake karibu wote walishindwa. Wiki ile ile alilazwa hospitali, maili thelathini kutoka nyumbani, kwa kuwa ya karibu haikuwapo tena. Siku ya kumi Verna alipiga ile namba akiwa kando ya kitanda.

"Wanasema imehesabiwa," alimwambia.

"Yote?"

"Yote, Len. Kuanzia chini."

Len alifumba macho, akaitikia kwa kichwa. Alifariki siku tatu baadaye.

Verna aliumaliza msimu wa baridi bila kujua aliumalizaje. Kuna siku hakuvua koti ndani ya nyumba. Mjini hakuna kilichotengemaa. Kanisa liliuzwa, ila wanawake waliachiwa jiko lake mpaka kiangazi.

Mwezi wa Aprili karatasi za uchaguzi wa Mei zilianza kufika. Verna alimimina mbegu katika chupa. Aliipeleka ile bahasha ya manjano kwenye jiko la kanisa, ambako wanawake walikuwa wakikunja pirogi, akaipigilia msumari juu ya sinki. Chini yake aliandika kwa herufi kubwa: HII SI YA MBEGU. KURA NDANI YA NDOGO, NDOGO NDANI YA KUBWA, SAHIHI, TAREHE.

Waliisoma. Halafu mwanamke mmoja akajipangusa unga mikononi, akasema ngoja aende nyumbani mara moja, kuna droo ya kutazama. Wa pili akamfuata. Hakuna aliyemcheka Verna.

Baada ya uchaguzi Dolores alipita uani. Verna alikuwa akipanda miche ya nyanya, peke yake.

"Kilima kizima," Dolores alisema, "hakuna kura hata moja iliyokataliwa kwa ajili ya bahasha."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Verna alishindilia udongo kuzunguka mche. Kwake kura iliyokosekana Mei hii ilikuwa moja tu, ya marehemu Len, na hiyo haikuwa kwa kosa la mtu.