Bangi Kwenye Koti la Bwana Harusi

"Vidole, hii nini?"

Nilikuwa nimepiga magoti nikimpunguzia koti la harusi, pini tatu mdomoni. Nilizitema kwanza, ndipo nikauliza. Kitu nilichokitoa mfuko wa ndani kilikuwa kimesokotwa kwenye karatasi nyembamba.

Mchumba wangu, mpiga kinanda wa kanisa la baba yangu, aliyepewa jina la Vidole na kina mama wote wa kwaya, akatazama dari.

"Usitafute jibu kwenye bati. Sema."

"Bangi."

"Ya nani?"

"Koti la nani, Fundi?"

Siku nyingine ningecheka.

"Unavuta lini?"

"Jumapili. Nyuma ya chumba cha jenereta, kabla ya ibada."

"Jumapili! Yaani siku sita unampumzisha shetani, ya saba unamkaribisha?"

"Usiseme hivyo. Mikono yangu inatetemeka mbele za watu tangu nikiwa mdogo. Nikivuta inatulia. Halafu, hayo majani kayaumba nani?"

"Na upupu kauumba nani? Mbona hujipaki?"

"Silewi, Fundi. Sijawahi kumtukana mtu. Wapo wazee wa kanisa wanameza vidonge vya usingizi kila siku, nani amewatenga?"

"Wamepewa na daktari na wake zao wanajua. Wewe umeficha mfuko wa ndani. Kama ni baraka, mbona unaivutia nyuma ya jenereta?"

Akaugusa ule mfuko mtupu wa koti.

Sasa niwaambie jambo. Kanisani kwetu kulikuwa na kitu tulichokiita kituo. Katikati ya pambio Vidole alishika sauti moja akaikalia, dakika nzima, wakati mwingine mbili, na watu wote wakaimba na kulia juu ya sauti ile. Baba, ambaye ndiye mchungaji, alishakiweka kwenye ratiba: baada ya sadaka, kabla ya neno. Watu walitoka mbali kuja kulia kwenye kituo. Mimi mwenyewe, miezi sita baada ya kumzika mama, nilipokuwa siwezi hata kusema amina, pale ndipo nilipolia mara ya kwanza. Nikajua Mungu hajaniacha. Na nikampenda mwenye vidole.

"Na kile kituo?" nikauliza taratibu.

Akakaa kwenye kiti cha cherehani, koti lina pini bado.

"Pale huwa nimepotea. Nasahau tuko ubeti gani, basi nabaki hapo hapo mpaka nikumbuke."

Mungu wangu! Kanisa zima lilikuwa linapiga magoti mbele ya usahaulifu wa mtu aliyevuta!

"Kwa hiyo mimi nililia kwa ajili ya moshi?"

"Sijui," akasema, macho mekundu. "Hilo linaniogopesha na mimi."

Zilibaki wiki tatu kufika harusi. Kadi zilishagawiwa. Lakini jamani, ningeolewaje naye? Ningekaa kanisani maisha yangu yote nikijiuliza kama siku ile alikuja Mungu au ilikuja bangi.

"Kesho ibadani piga bila kuvuta," nikamwambia.

"Nitaharibu."

"Haribu."

Asubuhi, nikiwa napiga pasi joho la kwaya, simu ikalia. Ujumbe wake:

"Niko nyuma ya jenereta. Mikono haishikiki. Nivute robo tu?"

Nikaandika: "Sitakunusa wala sitakuuliza. Utaniambia mwenyewe."

Nikaiweka simu chini, nikamalizia joho.

Basi akaharibu kweli. Aliuanza wimbo juu mno, kina dada wa sauti ya kwanza wakabaki kupiga kelele tu. Pambio la pili likamkimbia kabisa. Shangazi, kiongozi wa kwaya, akaninong'oneza bila kugeuza shingo:

"Leo huyu kaja na vidole vya miguu."

Ikafika zamu ya kituo. Kanisa likafumba macho, limejiandaa kulia. Vidole akashika ile sauti moja. Kidole kilitetemeka mpaka sauti ikawa inakatika. Akajaribu tena. Kisha akaondoa mikono, akaiweka mapajani, machozi yanamtoka mbele ya watu mia tatu.

Feni tu ndiyo iliyosikika. Baba akainua kichwa.

Ndipo Shangazi akaanza kuimba, kwa ile sauti yake ya mkwaruzo isiyomwogopa mtu. Kina baba wakaipokea nyuma. Kisha wote. Hakukuwa na kinanda, hakukuwa na ngoma, hakuna aliyetuongoza, na bado tulipanda pamoja na kushuka pamoja. Nywele zilinisimama. Nimekulia kanisa lile, lakini siku hiyo niliogopa kufumbua macho, kwa jinsi nilivyohisi kuna Aliyeingia. Nililia kama siku ile ile, na safari hii nilijua hakuna moshi.

Baada ya ibada Vidole aliingia ofisini kwa baba, mimi nyuma yake. Akaeleza yote mwenyewe. Baba akavua miwani.

"Nilijua."

"Baba!"

"Kabla sijaokoka nilivuta miaka sita, mwanangu. Harufu ile hainipotei. Lakini kanisa lilikuwa linajaa, basi nikajiambia ni moshi wa jenereta." Akamgeukia Vidole. "Wewe ulijificha nyuma ya jenereta. Mimi nilijificha nyuma yako. Jumapili ijayo nitasimama nitubu, mimi kwanza."

"Na mimi, Mchungaji?"

"Kinanda utakipumzisha kwa muda. Jumatano uje tuzungumze. Na hiyo mikono ipeleke kwa daktari, kutetemeka si dhambi. Habari ya harusi sina neno, muulize Fundi."

Tukatoka uani. Hakuniangalia.

"Sikuvuta," akasema.

"Nilisikia."

Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa kiganja.

"Miaka yote nilikuwa nasikia kinanda tu. Leo nimesikia watu. Kumbe huwa mnaimba hivi?"

"Siku zote."

"Hata siku ile uliyolia?"

Nikasimama. Sikuwahi kuifikiria siku ile kwa namna hiyo. Kweli, watu walikuwa wakiimba. Shangazi alikuwa ameniwekea mkono mgongoni.

"Hata siku ile," nikamjibu. "Wewe ulikuwa umepotea, Vidole. Mungu alikuja tu, hakungoja urudi."

Akaziba uso kwa mikono miwili.

"Harusi ipo?" akauliza hatimaye.

"Ipo. Ila si baada ya wiki tatu. Kadi tutaandika upya."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikuzoee ukiwa unatetemeka."

Akanipa mkono. Ulikuwa unatetemeka kweli, nikaushika, na wangu pia ulikuwa unatetemeka.