Kiti cha Mbele

Kiti kilikuwa na joto. Mzee wa Spea alikipapasa mara mbili, maana gari lenyewe lilikuwa limekufa miaka mitatu nyuma, limelala kivulini kwa mchinjaji wa magari.

"Mbona kama kuna mtu kainuka sasa hivi?"

"Acha utani," mchinjaji alijibu, lakini hakusogea karibu. "Gia ndogo ndiyo hiyo, ichukue. Na kiti nakupa bure. Wenyewe walisema kisibaki hapa."

Cha bure nani akikatae? Gari lake lilikuwa la aina ambayo hata mafundi wazee huuliza limetoka wapi, na hiyo gia ndogo aliitafuta miezi minne, mpaka watu wakambandika jina la Mzee wa Spea. Bila gia hiyo magurudumu ya mbele hayavuti, na mvua ikinyesha kilima cha hospitali hakipandiki. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza baada ya kungoja miaka kumi na moja. Mume alikuwa na haki ya kuhangaika.

Kiti akakifunga upande wa abiria. Mkewe alipotaka kukikalia, kikajisogeza nyuma chenyewe, taratibu, kama mtu anayempisha mgeni.

"Mume wangu," akanong'ona, "nani kapaka marashi humu?"

Juma lile lote mkanda ulikuwa ukijifunga wenyewe, klik, mchana kweupe, gari limezimwa na funguo ziko ukutani, na yale marashi yakatoka garini yakaingia sebuleni, yakaingia kwenye mashuka, mpaka asubuhi moja mkewe, amekaa jikoni anamenya viazi, akaanza kuelekeza njia kwa sauti nzito isiyo yake, kata kushoto, kata kulia, usisimame, usisimame.

Mzee wa Spea akampigia simu bibi mganga.

"Pepo limepanda?"

"Limepanda, bibi."

"Nakuja. Mpaka nifike, kiti kisiachwe peke yake hata kidogo. Likipata faragha litajichagulia linachotaka."

"Sitabanduka, bibi."

Na kweli hakubanduka. Aliingia garini, akakikumbatia kile kiti kwa mikono miwili, akasoma kila dua aliyofundishwa na mama yake. Baada ya saa tatu kiti kikapoa. Nusura alie kwa furaha.

Mganga alimkuta hapohapo. "Kiti kiko wapi?"

"Hiki hapa. Sijakiacha hata kwenda haja."

Bibi akajishika mdomo. "Mwanangu! Kiti ni mtu! Kiti ni yule aliyepandwa! Mkeo umemwacha na nani?"

Walimkuta sebuleni, ametulia, machozi yanamtiririka. Mganga akamshika paji la uso, akamnusa nywele, akamwita kwa jina la mama yake.

"Limeshuka," akasema. "Huyu hana kitu tena."

"Mungu mkubwa!" Mzee wa Spea akapiga magoti.

"Usishukuru," mkewe akasema, kwa sauti yake mwenyewe. "Limesema mimi nimechakaa. Limesema na lenyewe lilikuwa linatafuta spea, sasa limepata mpya kabisa, bado iko kwenye boksi."

Akauchukua mkono wa mumewe, akauweka tumboni. Palikuwa na joto. Chini ya kiganja chake, ndani kabisa, kitu kikajifunga, klik.