Kifuniko Juu ya Paa

Jumamosi, tarehe tisa Machi. Asubuhi manyunyu yalipita upesi, kisha jua likawaka mpaka mabati yakaanza kulia.

Nilisali, nikakaa kwenye cherehani yangu, lakini moyo haukutulia. Darasa letu la watu wazima hukutana kila jioni sebuleni kwangu, kwa taa ya sola. Wiki nzima taa ilififia kabla hatujamaliza ukurasa wa pili. Mwalimu alisema ikififia tena, darasa litahamia ng'ambo ya mji. Kwa goti langu hili, huko nisingefika. Na jioni hiyo ilikuwa zamu yangu kusoma.

Binti yangu anasomea nishati chuo kikuu. Alikuwa nyumbani.

"Mama, betri imechoka," alisema. "Nishati jadidifu inahitaji hifadhi ya kutosha."

"Sema Kiswahili cha nyumbani, mwanangu."

"Nishati isiyokwisha, Mama. Jua ukilitumia leo, kesho linachomoza tena."

"Hilo nalijua. Namshukuru Mungu kila asubuhi."

Jirani yetu, fundi wa sola, aliingia na ngazi begani.

"Paneli mmeiangalia?"

"Bado," nilisema. Akamgeukia binti yangu.

"Msomi, umewahi kuishika?"

"Niliichora kwenye mtihani, nikapata alama zote."

"Basi panda ukaone ulichokichora."

Alipanda. Mara nikasikia kicheko.

"Mama! Nani ameivisha paneli gauni?"

"Mimi! Nilimpa kijana aliyekuja wiki iliyopita kupaka mabati rangi aivishe. Kitambaa chenyewe chepesi, cha kuzuia vumbi. Humu ndani redio ina kifuniko, kochi lina kifuniko, hata birika!"

Fundi alicheka mpaka akatoa machozi. "Dada, umejifichia jua lako mwenyewe. Chakula cha paneli ni mwanga. Usiifunike, usiitie kivuli, hata cha nguo za kuanika. Vumbi lifute kwa maji na kitambaa laini, asubuhi, kabla haijapata joto."

"Hilo la asubuhi hata mimi sikulijua," binti alikiri huku akilivua lile gauni.

Jioni taa iliwaka kwa mwanga mweupe. Nilisoma ukurasa wangu hadi nukta ya mwisho. Mwalimu akafunga kitabu. "Darasa linabaki hapa hapa."

Binti yangu alisimama mbele ya wote.

"Jumamosi ijayo nitawaleta wenzangu wa chuo. Tunajua kuichora paneli, kuishika bado. Naahidi mbele yenu: kila mmoja atapanda ngazi na kufuta kwa mkono wake. Vitambaa vipo. Mama ameshalikatakata lile gauni."