Pampu ya Jua Haipumziki Adhuhuri

Kutoka Lodwar mpaka Kakuma, hakuna anayefundisha watu mashine upesi kama mimi, Ewoi. Kamati ya maji ilipotoa pampu ya dizeli kisimani na kuweka ya jua, nilimwonyesha mjomba Lotiir, mwendesha pampu, video ya Kiingereza kwenye simu yangu. Video ikaisha, mafunzo yakaisha. Nikaenda kunywa chai.

Wiki haikuisha, tangi likakauka.

Akina mama walipanga mitungi tangu alfajiri. Mbuzi walilia mpaka sauti zikakauka. Namuar, mwenyekiti wa kamati, akasema mzee hawezi mashine za siku hizi. Tangi lisipojaa jioni, ufunguo wa pampu atapewa mtu mwingine. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba ya mjomba, na mimi ndani yake.

Namuar alimwita Christelle, fundi wa sola, Mkongomani wa Kakuma. Hakugusa mashine. Alimwomba mjomba afanye kazi yake kama kawaida, akakaa kutazama. Jua lilipofika utosini, mjomba akazima.

"Papa Lotiir, mbona unazima?"

"Imechoka. Dizeli ukiiacha jua kali inachemka, inakufa. Nilifundishwa hivyo nikiwa kijana."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu.

"Unacheka nini?" Christelle akaniuliza. "Papa anafanya vile alifundishwa. Ni wewe hukumuuliza anajua nini." Akamgeukia mjomba. "Hii haili dizeli, papa. Inakula jua. Saa hii ndiyo inashiba."

Akamwambia awashe kwa mkono wake mwenyewe. Kisha mjomba amweleze Akiru, mama wa kwanza kwenye foleni, kwa Kiturkana, ili ijulikane kama ameelewa. Tukangoja. Bomba likakohoa, maji yakaingia.

Jioni tangi lilimwagika. Namuar akamwachia mjomba ufunguo. Siku hizi kila mfanyakazi anafundishwa pale pale kwenye pampu, kwa lugha anayoisikia, na kwanza anaulizwa alizoea nini. Mashine ikibadilika, wanakaa tena kufundishwa.

Jioni ile mimi nikasimama mbele ya watu, nikasema hiyo ya kuzima adhuhuri niliishuku mapema.

Akiru akatua mtungi wake.

"Ewoi, juzi si ulilala hapa kwa kivuli cha sola? Mzee akakuuliza azime ama aache. Ukamwambia zima, hata mashine inahitaji usingizi."